AMANA YA SAFARI: NASAHA KWA VIJANA WANAOKWENDA KATIKA MASHINDANO YA ROBOTI

(Mada hii ilitolewa msikitini baada ya Swala ya Isha, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari. Tunaichapisha ili wasiohudhuria nao wanufaike. – Mhariri)

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Katika miaka ya karibuni vijana wa shule zetu za Afrika Mashariki wamekuwa wakishiriki mashindano ya kimataifa ya roboti. Mashuhuri miongoni mwake ni yale yaitwayo FIRST Global Challenge, ambayo kila nchi hupeleka timu moja ya vijana wa umri wa sekondari. Yalianzia Washington mwaka 2017, na Tanzania na Kenya zilikuwamo. Yakafuatia Mexico City mwaka 2018 na Dubai mwaka 2019. Baada ya kuendeshwa kwa mbali wakati wa maradhi ya Uviko, yalikutanisha tena vijana Geneva mwaka 2022, Singapore mwaka 2023, Athens mwaka 2024 na Panama mwaka 2025.

Maadamu katika timu hizo wamo watoto wetu, wazazi wanauliza, na wana haki ya kuuliza: Je, hii ni elimu ya maana au ni mchezo tu? Mtoto atasali vipi katika ukumbi unaonguruma kutwa nzima? Na binti je, aende? Nitajibu kwa kadiri Allah atakavyoniwezesha, na jibu langu lote linazunguka jambo moja: kinachoharibika ukumbini, aghalabu huwa kilikwisha haribika nyumbani. Swala iliyopotea huko ni swala ambayo haikupangiwa wakati hapa, na roboti iliyozimika mbele ya waamuzi ni roboti ambayo haikukaguliwa hapa.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Roboti inayozungumzwa hapa si sanamu ya mtu wala ya mnyama. Ni chombo cha magurudumu, mota, gia na mikono ya chuma, ambacho wanafunzi hukiunda na kukiandikia programu ili kitekeleze kazi maalumu: kuokota mipira, kupanga vitu, au kupanda nguzo. Kila timu hupewa vifaa vya aina moja, na kila mwaka kazi hubadilishwa.

Allah (S.W.) ametueleza katika Surat Saba, aya ya 10 na ya 11, jinsi alivyomlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma, akamwamrisha atengeneze deraya na akadirie vyema vipimo vya pete zake. Tazameni: Mtume wa Allah anaagizwa juu ya vipimo vya pete za chuma! Kisha katika aya hiyo hiyo familia ya Daud inaamrishwa kutenda mema, kwani Allah anayaona wayatendayo. Kupima chuma kwa uangalifu na kutenda wema vimewekwa mahali pamoja.

Wazee wetu walilifahamu hilo. Ndugu watatu wa Banu Musa waliandika Baghdad, katika karne ya tatu Hijria, kitabu juu ya mitambo ya ajabu. Baada yao akaja Ismail al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyar Bakr, akakamilisha mwaka 1206 kitabu kinachoeleza mitambo ipatayo 50. Humo mna saa za maji, mitambo ya kupandisha maji, na kifaa cha kumimina maji ya udhu. Jina la kitabu chake kwa Kiarabu lina maana ya kukusanya baina ya elimu na kazi yenye manufaa katika ufundi wa mitambo. Basi asituambie mtu kwamba elimu hii ni ya wengine na sisi ni wageni ndani yake. Ni elimu tuliyoiacha njiani, na vijana hawa wanarudi kuiokota.

KABLA YA SAFARI

Twajua habari ya yule bwana aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amwache ngamia wake bila ya kumfunga na kumtegemea Allah. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi, nayo ndiyo msingi wa yote nitakayoyasema.

Kwanza, hati za safari. Mwaka 2017 timu ya wasichana wa Afghanistan ilinyimwa viza ya Marekani mara mbili, ikaruhusiwa zikiwa zimebaki siku chache tu. Si kila timu itapata faraja ya namna hiyo. Ombeni viza mara tu mpatapo barua ya mwaliko. Hakikisheni kila pasi ya kusafiria ina muda wa miezi sita zaidi ya tarehe ya kurejea, kwani nchi nyingi huishurutisha. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya ridhaa ya wazazi wake. Na ikiwa nchi mwendayo yataka cheti cha homa ya manjano, kumbukeni kwamba cheti hicho huanza kukubaliwa siku 10 baada ya chanjo, basi msichanje mkiwa mmekwisha funga mizigo.

Pili, kiongozi. Mtume (S.A.W.) amewaelekeza watu watatu wanaotoka safarini wamteue mmoja wao awe amiri, kama ilivyopokewa na Abu Daud. Mteueni amiri wa timu kutoka miongoni mwa wanafunzi wenyewe, mbali na mwalimu anayewasindikiza. Kisha gawaneni kazi kwa majina: nani anaongoza roboti, nani anashughulikia programu, nani anatunza betri, nani anatunza wakati wa swala. Kila kazi iwe na naibu wake, kwani mtu huugua safarini.

Tatu, mazoezi. Mchuano mmoja huchukua dakika mbili na nusu tu. Fanyeni mazoezi kwa saa, tena kwa makelele. Waiteni wenzenu wawazunguke na kupiga mayowe, mpaka mikono ya waongozaji izoee kutulia. Kisha vunjeni roboti yote na kuiunda upya, mkihesabu muda. Timu isiyojua kuiunda roboti yake tena kwa haraka itapata tabu siku ya kuwasili.

Nne, someni kanuni za mwaka huo neno kwa neno. Waamuzi huikagua roboti kabla ya mchuano wa kwanza: ukubwa wake, vifaa vyake na usalama wake. Roboti iliyozidi kipimo kwa sentimita moja haitaingia uwanjani hata kama ni ya ajabu. Hapa ndipo mnapoifahamu ile amri ya kukadiria vipimo.

MIZIGO NA UMEME

Betri za akiba za lithiamu, pamoja na vile vyombo vya kuchajia simu, huwekwa katika mkoba wa mkononi na si katika mizigo inayopelekwa chini ya ndege. Kiwango cha kawaida kinachoruhusiwa bila kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100. Kukipata, zidisheni volti kwa amperi-saa: betri ya volti 12 na amperi-saa 3 ni wati-saa 36. Kila betri, iwe ya lithiamu au ya aina nyingine, fungeni ncha zake kwa utepe zisigusane na chuma. Bisibisi, spana, visu na koleo viwekwe katika mizigo mikubwa, ama sivyo vitabaki kwa maofisa wa uwanja wa ndege.

Msiiweke roboti yote katika sanduku moja. Sanduku likipotea, timu nzima imepotea. Gawanyeni vifaa katika masanduku mawili au matatu, na ndani ya kila moja iwemo orodha ya vilivyomo, ambayo pia itawafaa mbele ya watu wa forodha. Programu ihifadhiwe mahali patatu: katika kompyuta, na katika vihifadhi viwili vidogo vinavyobebwa na watu wawili tofauti.

Tazameni pia umeme wa huko. Plagi zetu za pini tatu nene zilifaa Dubai na Singapore. Athens na Geneva zilihitaji vibadilishi, na Panama umeme wenyewe ni wa volti zipatazo 120, yaani nusu ya wetu. Chaja isiyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240 haitafanya kazi ipasavyo huko. Hili husomwa nyuma ya chaja, hapa nyumbani, kwa dakika moja.

UKUMBINI

Kila timu hupewa meza yake ya matengenezo. Ifanyeni safi, na kila chombo kirudi mahali pake. Bandikeni karatasi yenye mambo ya kukagua kabla ya kila mchuano: betri imejaa na imefungwa imara, nyaya hazining'inii, nati zimekazwa, programu iliyochaguliwa ndiyo yenyewe, kiongozi cha mkononi kimewasiliana na roboti. Mmoja asome, mwingine aguse na ajibu. Msitegemee kumbukumbu, kwani kumbukumbu huruka mtu anapoitwa jina mbele ya maelfu ya watu.

Zipeni betri namba, na andikeni ipi imetumika na ipi imechajiwa. Roboti nyingi hupungukiwa nguvu uwanjani kwa sababu ya betri iliyodhaniwa kuwa imejaa.

Kwa kawaida nchi tatu hushirikiana dhidi ya nchi tatu nyingine, na ushirika hubadilika kutoka mchuano hadi mchuano. Aliye mpinzani wenu asubuhi huenda akawa mshirika wenu mchana. Basi waendeeni wale mtakaoshirikiana nao kabla ya mchuano, mkubaliane nani atafanya nini. Waliopungukiwa spana au waya, waazimeni. Allah (S.W.) katika Surat al-Maida ametuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na kijana atokaye katika nchi isiyomjua Muislamu huenda akaujua Uislamu kwa mara ya kwanza kupitia spana mliyomwazima.

SWALA

Sasa nakuja katika jambo lililo kubwa zaidi ya roboti. Swala, kama tusomavyo katika Surat an-Nisaa, ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu, na mashindano hayaiondoi.

Tuchukue mfano wa Panama, mwishoni mwa Oktoba 2025. Adhuhuri iliingia karibu saa sita mchana, na Alasiri ikaingia baada ya saa tisa. Kuna saa tatu na zaidi baina yake, na swala haihitaji hata robo saa. Anayesema kwamba ratiba ilimkosesha Adhuhuri, tumwulize: je, uliitazama ratiba? Siku ratiba ya michuano inapotolewa, mtunza wakati wa swala aiandike pembeni mwa ratiba ya swala, na timu ijue mapema kwamba baina ya mchuano huu na ule watasali, wawili wawili au wote pamoja, mmoja wa walimu akibaki mezani.

Na hukumu ya kupunguza swala? Msafiri akiwa njiani anapunguza, na anaruhusiwa kukusanya. Lakini mashindano huwakalisha mahali pamoja kwa siku kadhaa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumekulia, anayenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, husali kamili tangu afikapo. Malik ana kauli ya karibu na hiyo, na Hanafi hawamhesabu kuwa mkaazi mpaka anuie siku 15. Kwa hiyo timu ihesabu siku zake kabla ya kuondoka, imwulize mwalimu wake, na iondoke ikiwa na neno moja. Ni aibu vijana watano kubishana hotelini, huyu akisali mbili na yule nne. Na anayejikuta amebanwa kikweli, kwa mchuano alioitwa ambao hauahirishwi, asikate tamaa: imethibiti kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikusanya swala akiwa Madina bila ya hofu wala mvua, ili asiutie umma wake katika uzito. Hiyo ni rukhsa ya haja, si desturi ya kila siku.

Alfajiri haikusanywi na swala yoyote. Safari ndefu ya ndege hukuta Alfajiri angani. Ikiwa wakati utatoka kabla ya kutua, atasali ndani ya ndege kwa namna anayoiweza.

Kibla nacho hubadilika. Sisi hapa twaelekea kaskazini. Aliye Dubai huelekea upande wa magharibi, na aliye Panama huelekea kaskazini mashariki. Atakayesali huko kwa mazoea ya nyumbani ataikosa. Bebeni dira, na mkeka mwepesi. Na anayeona tabu kunyanyua miguu katika masinki ya ukumbini, avae khofu au soksi nene akiwa na udhu, kisha apanguse juu yake: msafiri ana siku tatu na usiku wake, na mkaazi ana siku moja na usiku wake.

Kuhusu Ijumaa, mashindano ya Dubai na ya Panama yote yaliangukia siku hiyo ndani yake. Msafiri hawajibikiwi na Ijumaa, bali atasali Adhuhuri. Ama aliyenuia kukaa siku zilizotajwa, awaulize wanazuoni mapema, na akiweza kuhudhuria asiache.

Na chakula: waandikieni waandaaji kabla ya safari mkiomba chakula cha halali. Wasipokuwa nacho, samaki, mayai, matunda na mboga vinapatikana karibu kila mji, na tende za kutoka nyumbani hazina uzito mkubwa.

MABINTI ZETU

Mtume (S.A.W.) amemkataza mwanamke kusafiri bila ya maharimu, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Wapo wanazuoni, wakiwamo wa Kishafi, waliomruhusu kutoka na kundi la wanawake waaminifu kwa ajili ya hija ya faradhi, na baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameipanua ruhusa hiyo kwa safari nyingine zenye amani. Ninachokiona kuwa na usalama zaidi kwa dini ya mtu ni kushikamana na hadithi. Lakini nasema kwa wazazi na walimu: msilifanye suala hili kuwa la dakika ya mwisho. Binti aliyeachwa ashinde karakana mwaka mzima, kisha akaambiwa wiki ya safari kwamba haendi, amedhulumiwa.

Jambo hili liamuliwe siku timu inapoundwa. Wasindikizaji wanahitajika kwa vyovyote, basi kwa nini baba au kaka wa binti asiwe mmoja wao? Tuchangie nauli yake kama tunavyochangia ya wengine. Na ikishindikana, binti abaki kuwa mwanatimu kamili: programu yaweza kuandikwa na kurekebishwa akiwa nyumbani, na jina lake litajwe mbele ya waamuzi kwa haki yake. Asifichwe kana kwamba kazi ilifanywa na wavulana peke yao.

UAMINIFU

Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu uliofichwa chini, alimkemea mwenye mali na kubainisha kwamba mdanganyifu hayuko pamoja naye. Hadithi hii imo katika Muslim. Basi nawausia walimu wenzangu: roboti iliyoundwa na mwalimu usiku, kisha ikaonyeshwa na wanafunzi mchana, ni rundo lenye unyevu chini yake. Waamuzi huwahoji vijana wenyewe, na kijana asiyeweza kueleza kwa nini mota hii imewekwa hapa hujulikana mara moja. Hata asipojulikana, Allah anamjua. Bora gurudumu lililopinda ambalo kijana alilifunga kwa mkono wake, kuliko nishani aliyofungiwa na mwingine.

Na fedha za michango ni amana. Kila shilingi iandikwe, na timu ikirejea isomeshe hesabu mbele ya waumini waliochanga.

WASIA WA MWISHO

Enyi vijana, mkishinda, mshukuruni Allah na msiwacheke walioshindwa. Mkishindwa, andikeni usiku ule ule yaliyowashinda, ili ndugu zenu wa mwaka ujao waanze mlipoishia. Dua ya msafiri ni yenye kukubaliwa, basi waombeeni wazazi wenu na umma wenu. Safari ni kipande cha adhabu, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), na mwenye kumaliza haja yake na aharakishe kurejea kwa watu wake.

Enyi wazazi, mtoto hawezi kuhifadhi safarini swala ambayo hakuihifadhi nyumbani. Miezi ya matayarisho ndiyo miezi yenu. Muulizeni juu ya betri, na muulizeni juu ya Alfajiri. Akiyajibu yote mawili, mpeni idhini yenu na dua zenu.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awahifadhi waendapo na warudipo, na ajaalie kazi ya mikono yao iwe katika mizani ya mema yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.